Ua wa Fisi Uliokosa Mlango

Paukwa.

Pakawa.

Sijasikia. Mnaitikia kama watu walionyimwa chakula, na muhogo bado mnao mdomoni. Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na ua?

Ukawa na tundu.

Anayelala mchana?

Kashiba peke yake.

Asiyelala?

Ana watoto.

Haya, sasa mmeamka. Alikuwako Fisi, mabega juu, kiuno chini, na tumbo lake halikujua neno "basi". Alikuwa na uchaga wa nyama kavu, umejaa mpaka miguu ya uchaga imepinda. Alikula asubuhi, akala adhuhuri, akala jioni, na kila alipokula alijifunika mdomo kwa mkono ili hata inzi asijue. Msicheke. Wapo watu wa hivyo hata mtaani kwetu, nami sitawataja kwa kuwa mnawajua.

Siku moja Fisi alimkuta mbwa jike porini, amenaswa mguu kwenye mtego wa waya. Mbwa mwenyewe mkubwa, ukimwona kwa mbali utasema ndama.

Fisi akamwambia, "Nikikufungua, utanilindia nyama yangu mpaka siku nitakayokwambia mwenyewe, 'Basi, nenda.'"

Mbwa akaapa. Nani asingeapa, mguu ukiwa kwenye waya? Fisi akamfungua, akampa jina la Sikitu, akamlaza chini ya uchaga. Mfupa alimpa siku alizokumbuka, na kukumbuka hakukuwa tabia yake.

Sasa, jambo moja Fisi hakulijua. Sikitu alikuwa na watoto watatu, kawaficha ndani ya kichuguu kitupu kando ya mto. Wadogo, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Wasiponyonya, watakufa. Na Fisi akiwajua, watakufa vilevile, tena upesi zaidi.

Basi kila jua lilipofika utosini, Fisi akishashiba, alilala: khorrr-fii, khorrr-fii. Sikitu akainuka, nyata, nyata, nyata, huyoo mpaka mtoni. Akanyonyesha, akawalamba, akarudi.

Siku ya siku, Fisi tumbo likamkata, akaamka kabla ya wakati. Tazama huku, hakuna mbwa. Tazama kule, hakuna mbwa. Mara Sikitu huyo anarudi, anahema.

"Ulikuwa wapi?"

"Nimekwenda kunywa maji, bwana."

"Maji. Na nyama yangu ukamwachia nani?"

Sikitu akainamisha kichwa. Fisi akasema moyoni, huyu dawa yake ni ua. Lakini ua gani? Akaenda kumwuliza Bi Fuko.

Bi Fuko mnamjua, yule mdogo anayechimba chini ya viazi vyetu. Haoni vizuri, macho yake kama punje za ufuta. Lakini kila ua wa nchi ile alikuwa ameupitia kwa chini, anajua mizizi yake na uongo wake. Tena nyumba yake ilikuwa jirani na kile kichuguu. Mama yao akiondoka, Bi Fuko ndiye aliyewalalia wale watoto wasipigwe na baridi, na walikuwa wamemzoea hata wanamtafuna masikio. Hana masikio ya maana, lakini walitafuna hivyo hivyo.

"Bi Fuko," Fisi akasema, "mbwa wangu mkubwa anatoroka. Nichague ua gani?"

"Chagua mabua ya mtama, bwana Fisi. Mepesi. Tena kwa mabua huna haja ya kualika watu."

Fisi aliposikia hilo la mwisho, masikio yakamsimama. Maana nchi ile ilikuwa na desturi yake. Ukijenga ua unaalika majirani, unawapikia. Wanajenga nawe, kisha wanakaa kula, na pale walipokalia kula ndipo mlango unapokatwa. Pasipo karamu hapana mlango. Bahili huacha pengo tu na kuliziba kwa tawi la mwiba, na wapita njia humcheka.

Fisi akajenga ua wa mabua peke yake, huku anaimba:

*Ua wangu, ua wangu,*
*ndani changu, nje changu,*
*jirani, pitia mbali.*

Imbeni nami, isije ikawa mimi peke yangu ninayejiaibisha. *Jirani, pitia mbali.* Vizuri.

Jua likafika utosini. Fisi akala, akashiba, akalala: khorrr-fii. Sikitu akainuka, nyata, nyata, nyata. Akasukuma mabua kwa kifua: kra-kra-kra. Huyoo mpaka mtoni.

Fisi akarudi kwa Bi Fuko. "Mabua yamevunjika."

"Kumbe mbwa mwenyewe ni mkubwa namna hiyo? Chagua fito basi, uzifunge kwa kamba za mkonge. Na kwa fito pia huna haja ya kualika watu."

Fisi akajenga ua wa fito, anaimba. *Ua wangu, ua wangu.* Akala, akashiba, akalala: khorrr-fii. Sikitu akainuka, nyata, nyata, nyata. Akarudi nyuma kidogo, akakimbia, akaruka: hopa! Huyoo mpaka mtoni.

Fisi akarudi kwa Bi Fuko. "Fito ameziruka."

"Kumbe anaruka pia? Hukuniambia. Chagua miiba, uipandishe juu kuliko kichwa chako. Na kwa miiba, nani atakubali kualikwa?"

Fisi akajenga ua wa miiba. Ikamchoma mikono, ikamchoma pua, ikamchoma pale anapokalia, naye bado anaimba. Akaacha pengo dogo la kupitia, akaliziba kwa tawi la mgunga. Akala, akashiba, akalala: khorrr-fii. Sikitu akainuka, nyata, nyata, nyata. Akaliuma tawi kwa meno, akalivuta taratibu: shwaa. Huyoo mpaka mtoni.

Safari hii Fisi hakwenda popote kuuliza. Alikaa chini ya uchaga, akauma meno, akasema peke yake, "Kesho silali. Nitajifanya nakoroma, kisha nimfuate nyuma nyuma. Nitajua anakokwenda."

Lakini chini ya uchaga, chini ya udongo, alikuwamo nani? Bi Fuko. Alikuwa amepita kukagua ua kwa chini, kama kawaida yake. Aliwafikiria wale watatu kichuguuni, na yule wa mwisho aliyekuwa bado hajajua kubweka, akasikia uchungu kama ni wake. Hakungoja. Akatoboa udongo: puu!

"Bwana Fisi, nimesikia unataka kumfuata mbwa. Ukimfuata, nyama utamwachia nani?"

Hilo Fisi hakuwa amelifikiria.

"Kosa si la mbwa," Bi Fuko akasema. "Kosa ni pengo. Umejenga ua mzuri, halafu ukaacha tundu ulilolikata mwenyewe. Chagua ua wa mawe. Chini mawe, katikati mawe, juu miiba, na pengo usiache hata la kupita mjusi."

"Na mlango?"

"Mlango ni karamu. Unataka kuwalisha watu?"

Fisi akautazama uchaga wake. Akamfikiria Kobe anavyotafuna polepole mpaka sufuria iishe. Akamfikiria Nungunungu anavyoomba kuongezwa. Akamfikiria Kanga na wanawe wote, ambao hata yeye Kanga hajui hesabu yao.

"Hapana," akasema. "Sitaki mlango."

"Basi pasipo mlango mbwa atatokea wapi?"

Fisi akacheka mpaka akashika mbavu: hii-hii-hii. Bi Fuko akangoja aulizwe swali moja dogo. Ninyi mnalijua. Mnajua au hamjui? Hata huyu wa mgongoni analijua. Fisi hakuliuliza.

"Lakini mawe," Bi Fuko akasema, "mawe mazuri yako mtoni tu, karibu na kile kichuguu kitupu."

"Mimi siwezi kuacha nyama. Sikitu ataleta."

Haya, mmeona. Kuanzia hapo Sikitu alitumwa mtoni kila mara. Alikwenda mbio, akanyonyesha, akabeba jiwe moja, akarudi. Akatumwa tena, akaenda mbio, akanyonyesha, akabeba jiwe. Watoto wakanenepa, ua ukapanda. Fisi akawa anasema, "Mbwa huyu siku hizi anapenda kazi."

Mawe yakapanda mpaka juu ya kichwa cha Fisi. Likabaki jiwe moja, kubwa, la kuzibia. Bi Fuko akaja kulisikiliza, akaligonga: ngo, ngo.

"Jiwe la kuzibia lina desturi yake," akasema. "Mmoja ndani anavuta, mmoja nje anasukuma. Wa nje huwa ni majirani."

"Majirani wanakula."

"Basi kaa nje wewe usukume, Sikitu akae ndani avute."

Fisi akaruka. "Mimi nje, mbwa ndani, na nyama yangu yote huko huko ndani? Unaniona mjinga?"

"Sijasema hivyo," Bi Fuko akajibu. Wala kweli hakusema.

"Mimi nitakuwa ndani. Sikitu atakaa nje. Sukuma wewe!"

Sikitu nje akasukuma, Fisi ndani akavuta. Hamaa! Jiwe likasogea: gururu. Hamaa! Gururu. Hamaa! Tii. Likakaa. Fisi akapanga miiba juu, akajipangusa jasho, akapiga hatua nyuma autazame ua wake. Akaimba. *Ua wangu, ua wangu, ndani changu, nje...*

Akasita.

"Sikitu."

"Naam, bwana."

"Uko wapi?"

"Niko nje, bwana, uliponiambia nikae."

"Ingia ndani."

"Nipitie wapi, bwana?"

Fisi akatafuta. Akasukuma jiwe, jiwe likamtazama tu. Akaparamia ukuta, miiba ikampokea. Akachimba chini, akakuta mawe, na chini ya mawe akakuta mawe, maana alikuwa ameyapanga mwenyewe kwa bidii. Mwisho akajiambia, ya nini kuhangaika? Nyama ninayo, mtu wa kuniomba sina. Akala asubuhi, akala adhuhuri, akala jioni. Siku hizo hakuwa na haja ya kufunika mdomo, hata inzi hakuwa na pa kuingilia.

Na Sikitu? Angeweza kwenda zake. Lakini alikuwa ameapa, na kiapo ni kiapo hata ukimwapia fisi. Akawaleta watoto wake mmoja mmoja, kawashika kwa ngozi ya shingo, akalala nao nje ya ukuta, analinda.

Fisi akasikia: nyonyo, nyonyo, nyonyo.

"Nini hicho kinachonyonya?"

"Wanangu, bwana."

Mate yakamjaa Fisi. Akaweka ulimi kwenye ukuta. Akaonja mawe.

Nyama ikapungua. Nyama ikawa mifupa, mifupa ikawa harufu. Tumbo la Fisi likashikana na mgongo. Akaanza kulia, na kilio chake si cha ujanja, kilikuwa kilio cha njaa, nacho hata adui akikisikia huacha kutafuna. Kobe akaja. Nungunungu akaja. Kanga akaja na wanawe. Wakasimama nje.

"Majirani," Fisi akasema, "nikatieni mlango."

"Mlango ni karamu," Kobe akajibu, polepole kama kawaida yake.

"Sina kitu."

Wakatazamana. Ndipo Bi Fuko akasema, "Karamu tutaileta sisi. Lakini mwenye ua lazima atoe kitu chake. Hana nyama, hana mfupa. Anayo maneno mawili ambayo hajawahi kumpa mtu."

Fisi akaelewa. Akameza mate, akameza tena, yakarudi. Nje wale watoto watatu walikuwa wanacheza, na yule wa mwisho akabweka kwa mara ya kwanza: bwe. Sikitu akasimama, masikio juu, anangoja.

"Basi," Fisi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Basi, nenda."

Sikitu hakwenda. Alikaa chini pale pale, taratibu, kama mtu aliyetua mzigo kichwani. Nungunungu akaleta viazi, Kanga akaleta mtama, Kobe akaleta mboga, akafika nayo ya mwisho imeshapoa. Wakakaa kumzunguka mbwa, wakala. Pale walipokaa ndipo walipotoboa ukuta: ngo, ngo, ngo, porr.

Fisi akatoka, mwembamba mpaka ungemhesabu mbavu. Akawatazama watoto. Akamtazama na mama yao, ambaye sasa alikuwa na meno yale yale ila kiapo hana. Akaona heri aangalie viazi. Kanga akamsogezea bakuli. Fisi akainua mkono ajifunike mdomo, kama alivyozoea. Akaona wote wanakula mdomo wazi, wanacheka, wanadondosha. Akaushusha mkono, akala hivyo hivyo.

Ndiyo maana mbwa mpaka leo hulala mlangoni, wala hapendi kulala kwingine. Mlango ulikatwa alipokuwa amekaa yeye, naye hulala hapo kwa hiari yake.

Sasa sikilizeni mafunzo, msiseme sikuwafundisha. Ukitaka kumzuia mbwa mkubwa asitoroke, jenga ua wa mawe, usiache mlango, na wewe ukae ndani. Majirani usiwaalike kamwe. Ukiwazoesha, siku ukiwa na shida watakutobolea ukuta, tena watakuletea viazi, na hapo utakuwa umeharibikiwa.

Ngano nimeifungia hapo. Aliye ndani na atoke, aliye nje na aingie, na wewe uliyejifunika mdomo kule nyuma, toa mkono. Tumeuona muhogo. Pitisha huku.