Bi Pimbi na Neno Refu la Kiboko

Hadithi iko mlangoni.

— Ifungulieni, iingie.

Imetoka mbali, ina kiu.

— Ipeni maji, ipeni mkeka, ikae iseme.

Basi imekaa. Sogeeni karibu, na mwenye simu aiweke mfukoni, maana hadithi hii ikiona simu inaona haya.

Hapo kale, kale ya juzijuzi tu, wanyama walipokuwa wamekwisha kuzijua simu lakini adabu zake bado, paliondokea Bi Pimbi. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, hana mkia, ana meno mawili ya mbele na maneno machache. Nyumba yake ilikuwa juu ya jabali, ndani ya ufa wa jiwe, na kila asubuhi alitoka nje kuota jua. Mtoto wake alikuwa mmoja tu, Chausiku, naye alikuwa ameolewa ng'ambo ya milima mitatu. Sasa Chausiku alikuwa na mimba ya kwanza, na Bi Pimbi hakuwa na miguu ya kuvuka hata mlima mmoja.

Kwa hiyo alimwita Tumbili, fundi wa mitandao, amfungie waifai. Tumbili alileta ruta, kisanduku cheusi chenye antena mbili kama pembe za swala na taa nne za kijani, kisichotaka waya mwingine ila wa umeme. Chini yake palibandikwa karatasi yenye neno la siri. Tumbili akamweleza kwamba akiliandika neno hilo kwenye simu yake, mtandao utamfungukia.

Ukafunguka. Tangu siku hiyo, kila alasiri, Bi Pimbi alitandika mkeka akapiga simu ya video. Alimwona Chausiku, akaona miguu ilivyovimba, akamwambia ageuke aone tumbo kwa ubavuni, akabashiri kwamba ni wa kike, kesho yake akabashiri kwamba ni wa kiume. Kisha wakacheka wote wawili, kwi-kwi-kwi, mpaka jua likapungua.

Sasa, chini ya jabali, kwenye bwawa, aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa na mwili wa kujaza mlango na kubakia nje. Alikuwa mlafi wa majani, mlafi wa matope, hata kivuli cha mti akikilalia hakuna mwingine aliyekipata. Alisikia kicheko kila alasiri, kikamkera kwamba kuna raha inapita karibu naye bila kumpitia yeye.

Siku ya kwanza akapanda jabali, thup, thup, thup. Alisema ana kaka yake mto wa pili, anataka kumsalimia, basi apewe neno la siri.

"Kidogo tu, jirani," akasema.

Bi Pimbi aliona aibu kumnyima jirani kitu kisichoonekana hata kwa macho. Akampa. Kiboko akamsalimia kaka yake. Kisha akatazama mieleka. Akatazama mieleka tangu jua linachomoza hadi linatua. Alasiri Bi Pimbi alipompigia Chausiku, uso wa mtoto uliganda kwenye kioo, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Sauti ikaja vipande vipande, ma-ma-ma-ma, tumbo-bo-bo. Halafu kimya.

Siku ya pili Kiboko akaleta televisheni pana kama mlango wa ghala, na simu nne, moja kwa kila mguu. Bi Pimbi akashuka kumwomba apumzike japo saa moja ya alasiri. Kiboko hakugeuza kichwa. Alisema pambano linakaribia kwisha.

"Kidogo tu, jirani."

Hicho kidogo kikachukua wiki nzima.

Wiki ilipokwisha akapanda tena, thup, thup, thup, akakichomoa kisanduku ukutani, chap, na waya wake. Alieleza kwamba mtandao unachoka kushuka jabali lote lile, ni afadhali ukae kwake, karibu na televisheni. Isitoshe mlango wake ni mzito, wezi hawauwezi. Bi Pimbi alisimama kizingitini akiangalia ukuta ulivyobaki na misumari miwili.

"Kidogo tu, jirani," akasema Kiboko, akaondoka nacho.

Tangu hapo Bi Pimbi akitaka kumwona mtoto wake ilibidi ashuke mpaka uani kwa Kiboko, akae juani karibu na uzio. Na si bure. Kila simu moja, mzigo mmoja wa majani mabichi. Asubuhi anakata majani, adhuhuri anayabeba, alasiri anazungumza kwa haraka haraka huku Kiboko anatafuna nyuma yake.

Chausiku akaona. Alimuuliza mama yake mbona amekonda, na huyo anayetafuna ni nani. Bi Pimbi akajibu kwamba ni jirani, akaiinamisha simu kidogo ili mikono yake yenye mikato isionekane. Hakutaka kumtia wasiwasi mwenye mimba.

"Mkunga anasema ni wiki hii," akasema Chausiku. "Mama, usikae mbali na simu. Naogopa."

Neno hilo Bi Pimbi alipanda nalo jabali. Alilala nalo akaamka nalo. Alfajiri akaenda moja kwa moja kwa Tumbili, akamuuliza neno la siri linabadilishwaje, neno zuri linachaguliwaje, na likipotea mtu anafanya nini. Tumbili alieleza yote huku akijikuna. Bi Pimbi akamwomba arudie. Akarudia.

Siku hiyo alishuka kwa Kiboko bila mzigo wa majani. Kwenye televisheni wanamieleka wawili walikuwa wameganda hewani, mmoja kichwa chini.

"Bwana Kiboko," akasema, "mtandao wako umekuwa mzito."

Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtandao ni wake. Kiboko alipendezwa, akamsogezea kigoda. Bi Pimbi akamwomba simu, akafungua ukurasa wa kisanduku, akamwonyesha orodha ya walioingia. Palikuwa na simu ya Ngedere, simu ya Kicheche, simu mbili za Kunguru, na nyingine iliyojiandika "Usiniulize". Akamweleza kwamba neno la zamani liko wazi kwenye karatasi chini ya kisanduku, na Ngedere anaishi kwenye mti ulio mbele ya dirisha.

Kiboko akavimba. Ukimnyang'anya mlafi chakula ananung'unika, lakini ukimwonyesha kwamba wengine wanaonja chake, hapo ndipo anapougua. Akauliza lifanywe nini.

"Libadilishwe," akasema Bi Pimbi.

"Nitaliandika mimi. Na wewe usilijue."

"Nisilijue. Nitakupa mgongo."

Macho ya Kiboko yakang'aa, akidhani amemshika. Bi Pimbi akageuka, akautazama uzio. Alijua kwamba akikosea hesabu yake, hata ule uchochoro wa kukaa juani utafungwa, na Chausiku atazaa peke yake.

"Neno la siri linatakiwa liwe na nguvu," akasema kwa sauti ya upole.

"Nguvu ninazo."

"Basi liwe refu. Mnyama wa kawaida anaweka herufi nane."

"Mimi ni wa kawaida?"

"Sikusema hivyo."

"Nitaweka arobaini," akasema Kiboko.

Bi Pimbi akamwambia achanganye herufi kubwa na ndogo, akachanganya. Akamwambia atie tarakimu, akatia. Akamwambia atie nyota na alama ya mshangao, akatia nyingi. Akamwambia lisiwe jina la mkewe wala siku aliyozaliwa, maana hayo majirani wanayajua. Akamwambia asiliandike popote, maana karatasi husomwa, na asimwambie mtu yeyote, maana mtu husema. Hayo yote ndiyo anayofundisha kila fundi wa mitandao mwenye akili zake, na Bi Pimbi aliyatoa kama alivyoyapokea, hakupunguza kitu. Alilobakiza ni moja tu, kwamba mwenye neno alikumbuke.

Tup, tup, tup. Kidole cha Kiboko kikishuka kilifunika herufi tatu kwa mara moja, ikaandikika ipendayo kuandikika, na kwenye kioo hakikuonekana kitu ila vitone. Kitone, kitone, kitone. Arobaini ikapita, yeye bado anapiga, maana alikuwa ameanza kufurahia.

"Sasa bonyeza hifadhi," akasema Bi Pimbi, akiwa bado anautazama uzio.

Pyuu. Taa zote nne zikazimika, zikarudi. Juu ya mti Ngedere akaguta. Kicheche akatoka shimoni ameinua simu juu, anazunguka nayo kama mtu anayetafuta upepo. Kunguru akatoa maneno ambayo hayafai kusemwa mbele ya watoto. Kiboko alicheka mpaka maji ya bwawa yakapiga ukingo. Alipokwisha kucheka akageukia televisheni. Televisheni ikamwandikia: Ingiza neno la siri.

Akaingiza. Neno si sahihi.

Akaingiza tena polepole. Neno si sahihi.

Akajaribu kwa simu ya kwanza, neno si sahihi. Kwa simu ya pili, neno si sahihi. Akafumba macho ili kidole kikumbuke chenyewe. Kidole hakikukumbuka. Bi Pimbi aliaga akaenda zake, na Kiboko hakumsikia.

Kesho yake asubuhi Kiboko alimwita kwa sauti iliyotikisa mawe. Bi Pimbi akashuka. Ndugu zangu, msidhani alishuka kwa ushujaa. Alishuka kwa sababu mtu anayeitwa na Kiboko akachelewa hufuatwa.

"Niambie neno," akasema Kiboko.

"Nilikupa mgongo, Bwana Kiboko. Wewe mwenyewe ulitaka."

"Ulisikia."

"Nilisikia tup. Zilikuwa tup nyingi."

Kiboko akainua mguu juu yake. Kivuli cha mguu ule kilimfunika Bi Pimbi mzima, na masikio na yote. Alimfikiria Chausiku. Alifikiri labda saa hiyohiyo simu inaita na hakuna mtandao wa kuipokea. Akasema, kwa utaratibu, neno moja baada ya jingine:

"Ukinikanyaga, bwana, neno halitatoka. Halimo ndani yangu."

Mguu ukakaa hewani. Hata Kiboko aliona kwamba ni kweli. Hasira ikabaki haina pa kwenda, akaushusha mguu pembeni, vumbi likaruka, akakikamata kisanduku akakivurumisha nje ya uzio. Alisema ni kibovu tangu mwanzo, kibovu kama mwenyewe, na asikione tena uani kwake.

Bi Pimbi akakiokota. Antena moja ilikuwa imepinda. Akakifuta vumbi kwa pindo la kanga.

"Umenirudishia kabisa, jirani?" akauliza, kwa sauti ya kusikika mtini na shimoni.

"Kabisa. Potea nacho."

Alitembea taratibu mpaka alipolipita jiwe la kwanza. Baada ya hapo alikimbia. Alikichomeka kisanduku kwenye umeme, akatafuta nyuma yake kile kitundu alichoelekezwa na Tumbili, kidogo kama tundu la sindano, akachomeka mwiba, akaubana, akahesabu mpaka kumi. Taa zikazimika. Kisanduku kikasahau kila kitu. Kikamsahau Kiboko, kikaisahau mieleka yake, kikalisahau na lile neno lenye nyota na mishangao, kikaamka na neno lake la utotoni, lile la kwenye karatasi. Bi Pimbi akaweka neno jipya, fupi la kiasi, la kukumbukika, akaibandua ile karatasi akaifutika kifuani.

Simu ikaita kabla hajakaa.

Chausiku alikuwa amelala ubavu, uso umechoka, nywele zimelowa. Alisema amepiga tangu alfajiri. Halafu akainamisha simu, na hapo kwenye mkono wake palikuwa na kitu kidogo chenye mikunjo, kinapiga miayo. Bi Pimbi akamwambia amgeuze amwone mgongoni. Akamgeuza. Hana mkia, kama watu wa kwao. Bi Pimbi akalia, akacheka, akalia tena, kwi-kwi-kwi, na kile kitu kidogo kikapiga chafya.

Kicheko kikashuka bwawani. Thup, thup, thup. Kiboko akaja akasimama mlangoni, akaona taa nne za kijani.

"Kumbe kinafanya kazi," akasema.

"Kinafanya."

"Neno ni lipi?"

Bi Pimbi akaifunika simu kwa kiganja ili mjukuu asisikie.

"Ni lilelile lako, jirani. Nani angethubutu kubadilisha neno la mkubwa?"

Kiboko akapanuka kifua kwa fahari. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba limemtoka kidogo kichwani. Bi Pimbi akampoza, akamwambia litarudi tu, atafute mahali penye utulivu, pasipo kelele, alifikirie.

Ndiyo maana mkipita bwawani mnamwona Kiboko amezama, macho na masikio tu ndiyo yako juu ya maji, analikazia jabali macho. Analitafuta. Kila baada ya muda anaibuka, fuuu, anajaribu lile lililomjia. Halafu anazama tena, maana silo.

Hadithi yangu imefika mwisho wa kamba.

— Ifunge fundo, tusiipoteze.

Nimeifunga. Na funzo lake ni hili: msiseme uongo hata siku moja. Bi Pimbi alisema kweli tupu, akaponea chini ya mguu wa Kiboko. Akasema uongo mmoja tu, na mpaka leo anampembeleza mjukuu wake kwenye simu kila alasiri, hasumbuliwi na mtu.

Kwa hiyo, wanangu, uongo ni mbaya sana. Usisemwe ovyo.