Shayiri Isiyotiwa Dole

Imepokewa kutoka kwa waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bondeni aliishi mja mwema aitwaye Ghaniya binti Suhaili, mjane, mpepeta nafaka. Kinywani mwake yalibaki meno manne tu, na mji mzima uliyaamini meno hayo kuliko viapo vya wanaume wengi wenye ndevu.

Amiri wa nchi ile alikuwa ametoa amri njema. Fedha ya Baitulmali inunue shayiri kwa wakulima wa bonde lenyewe, kisha igawiwe mtaa wa watengenezaji ngozi, mafakiri ambao kwa harufu ya kazi yao hata wachuuzi hawakufika huko. Hivyo mkulima apate riziki na fakiri apate uji. Na ili hila isiingie, akamtaja Bi Ghaniya awe shahidi: aume punje za kila gunia, na akiridhika abonyeze dole gumba kwenye udongo mbichi uliopakwa juu ya fundo. Gunia lisilo na dole lake halifunguliwi.

Sasa karani wa Baitulmali, Mundhiri, alikuwa na shemeji mfanyabiashara bandarini, aliyemuuzia shayiri kuukuu kwa bei rahisi. Hayo yalisemwa kisimani, na ya kisimani mengi ni umbeya, lakini si yote. Mwaka ule Mundhiri akaleta magunia arubaini siku ya Alhamisi. Aliichagua makusudi, kwa kuwa alijua Bi Ghaniya hufunga Jumatatu na Alhamisi, akadhani atabonyeza bila kuonja.

"Leo umefunga, mama yangu. Usijitaabishe."

"Kuonja kwa haja si kula, mwanangu. Nitatema."

Akauma, akatema. Shayiri ilikuwa na chumvi ya bandarini na uvundo wa ghala la zamani. Akajaribu gunia la pili, na la tatu, kisha akafuta midomo kwa ncha ya ushungi.

"Hii haikuota bondeni."

"Tumbo lenye njaa haliulizi shayiri imeota wapi," akasema Mundhiri kwa upole. "Kule mtaani hawajainjika chungu tangu Jumapili. Ukikataa, watakaolala njaa ni wao, si mimi."

Hapo moyo wa Bi Ghaniya ukakatika. Karani alikuwa mwongo, lakini hilo alilisema kweli. Na mtaani kule aliishi Ummu Ayyashi, sahibu yake tangu utoto, mgonjwa asiye na mtu. Akalitazama dole lake. Akawakumbuka wakulima ambao shayiri yao ilikuwa ghalani ikiliwa na fukusi, ilhali karani aandika kwamba imenunuliwa.

"Kinywa kimefunga tangu alfajiri," akasema. "Dole nalo nilifuturishe kwa uongo? Siwezi, mwanangu."

Mundhiri akafunga ghala. Mkulima mmoja, Juraiji, akashika njia kwenda kwa Amiri kushtaki, safari ya siku kumi na mbili, kwa miguu, maana punda wake alikuwa ameshamuuza.

Watu wakamgeuka Bi Ghaniya. Akipita, wanawake walisema, "Huyo, mwenye meno ya peponi." Kila asubuhi yeye alipeleka mtaani kibaba kutoka mtungi wake, mpaka mkono ukagusa chini ya mtungi. Naye Ummu Ayyashi, aliyekuwa na ulimi hata kitandani, akamwambia:

"Ghaniya, jino lako lile bovu lingeng'oka mwaka jana, leo tungekuwa tumeshiba."

Wakacheka wote wawili. Kisha mgonjwa akauliza polepole, "Unajuta?"

Bi Ghaniya akaomba dua ya kupewa jibu, huku amemshika mkono.

Siku ya kumi na tisa Ummu Ayyashi akafariki. Bi Ghaniya ndiye aliyemwosha, na alipomgeuza ubavu akaona hahitaji msaidizi. Alikuwa mwepesi kama ungo. Usiku ule alisujudu, akasema, "Ya Rabi, Wewe uliona."

Siku ya ishirini na tano Juraiji akarudi na mjumbe wa Amiri. Maghala ya wakulima yakafunguliwa, Mundhiri akaondolewa, na shayiri ya bonde ikanunuliwa na kuletwa. Ilikuwa Alhamisi iliyofuata. Bi Ghaniya akauma punje, nazo zilikuwa tamu. Akazitema, akabonyeza dole, gunia baada ya gunia.

Mgawaji akaita majina kama yalivyoandikwa. "Ummu Ayyashi." Akarudia: "Ummu Ayyashi." Wale wanawake wakatazama chini. Alipoita mara ya tatu, Bi Ghaniya akatoka mbele, akapokea kile kibaba, akampa mwanamke aliyekuwa akimtukana kuliko wote, kwa kuwa alikuwa na watoto wengi kuliko wote. Kisha akaenda zake nyumbani kungoja magharibi.

Enyi waumini, msidanganywe na wasemao kwamba kweli haina gharama. Hao hawakumwosha Ummu Ayyashi. Kweli ilifika, Alhamdulillahi, lakini ilifika kwa miguu, na wapo waliokufa wakiitazama njia. Mola awarehemu, na atusamehe sisi tulioketi na punda bandani.