Aliyefuta Meza za Wenzake

Hii nimeletewa na wifi yangu asubuhi, nami nimeona nisiikalie. Ila tafadhali, isome kwanza ndipo uitume. Siku hizi tunatuma tu, hatusomi.

Katika mji mmoja wa nyanda za juu, kule ambako baridi ya asubuhi inamfanya mtu azungumze na blanketi lake, palikuwa na karakana ya vioo vya rangi. Vile vioo unavijua, vyekundu na vya buluu, vya madirisha ya kanisani. Vinakatwa vipande vipande, kisha vinashikwa pamoja kwa vijiti vya risasi na kulehemiwa. Si risasi ya bunduki, jamani. Ni yale madini laini ya kijivu, unayapinda kwa vidole.

Mafundi saba walikuwa wanaitumia karakana ile kwa pamoja. Kila mtu na meza yake, lakini bomba moja, mlango mmoja, hewa moja. Mkubwa wao alikuwa Mama Perpetua, mjane mwenye miaka hamsini na nane. Wale wengine sita walijifunza kukata kioo mikononi mwake.

Ndiye pia aliyeandika sheria tisa ukutani kwa rangi nyekundu. Maana risasi ina ubaya wake: vumbi lake likiingia mwilini halitoki upesi, wala haliwashi, wala halinuki. Linakaa humo na kukuharibu taratibu. Kwa hiyo, usile wala usinywe mezani. Vaa miwani unapokata. Fungua madirisha yote unapolehemu. Nguo za kazi zisifike nyumbani. Ufagio mkavu ni marufuku, kwa sababu unarusha vumbi. Na ile ya sita, aliyoipigia mstari mara mbili: kila mtu afute meza yake mwenyewe kwa kitambaa kibichi kabla hajatoka.

Sheria nzuri. Sasa nani anazifuata?

Nikodemu, fundi mwenye maneno mengi kuliko vioo, alikuwa akila maandazi juu ya mchoro wake. Ikifika saa kumi jioni, kila mtu anachukua mfuko wake na kuondoka. Mmoja ana kikao cha harusi, mwingine anawahi gari, wa tatu mgongo unauma. Meza zinabaki na vumbi la kijivu na vijichembe vya kioo.

Mwanzoni Mama Perpetua alikuwa akisema.

"Nikodemu, meza."

"Kesho, mama. Kesho naanza nayo, haki ya Mungu."

Kesho haikufika. Alisema mwezi wa kwanza, akasema mwaka wa kwanza. Halafu akachoka kusema. Ninyi mnaosimamia watu mnaujua uchovu huo, ule wa kuona kuwa kufanya mwenyewe ni rahisi kuliko kumwambia mtu kwa mara ya mia moja. Basi akawa wanapoondoka anafunga mlango, anachukua kitambaa, anafuta meza zote saba.

Miaka tisa. Wala hakumwambia mtu.

Mwaka huo alikuwa na kazi yake moja ya moyoni. Maisha yake yote alikuwa akitengeneza michoro ya watu wengine. Padre ametaka njiwa, anakata njiwa. Familia imetaka malaika, anakata malaika. Safari hii paroko mpya alimwambia, "Mama, dirisha la kikanisa cha hospitali chora wewe unachotaka." Mama Perpetua alikaa siku tatu bila kushika penseli kwa kuogopa. Kisha akachora mwanamke anayepepeta ulezi, punje zikishuka na makapi yakipaa kwenye mwanga. Lilikuwa dirisha lake la kwanza, na kwa umri ule huenda la mwisho. Lilitakiwa liwe tayari kwa Pasaka.

Shida ni kwamba mikono ilianza kumkataa.

Kwanza kilikuwa kichwa. Kisha tumbo, likawa linamsokota na kumkalia zito siku nzima. Kisha uchovu. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima. Anaamka nao, anakunywa nao chai, anapanda nao mlima kwenda karakana. Mwisho viganja. Anashika kikata kioo, kifundo cha mkono kinalegea, mstari unapotea njia. Kwa wiki moja aliharibu vipande vinne vya kioo cha kahawia, na kioo kile hakipatikani hovyo.

"Uzee umenivamia," alimwambia Atukuzwe, fundi mdogo kuliko wote, aliyekuwa na mimba ya miezi mitatu.

"Pumzika basi, mama."

"Nikipumzika dirisha atamaliza nani? Wewe?"

Alimjibu vibaya, akajuta, lakini hata nguvu ya kuomba radhi hakuwa nayo. Jioni ile, kama kawaida, wenzake walipoondoka alifunga madirisha yote mapema ili akimaliza apige kufuli na kushuka. Akaiangalia ndoo. Bomba lilikuwa nje, hatua arobaini. Akasema moyoni, leo tu. Akachukua ufagio mkavu, akazifagia meza, akaifagia sakafu, madirisha yamefungwa, vumbi limejaa chumba kizima kama unga kwenye mashine ya kusaga. Leo tu hiyo ilikuwa imeanza mwaka juzi.

Sasa siku moja Atukuzwe alirudi kutoka kliniki na habari. Daktari Sigala amesikia anafanya kazi na risasi, amekuja juu. Anataka apimwe damu.

Mama Perpetua aliposikia hivyo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alichangamka. Akasimama katikati ya karakana.

"Tunakwenda kupima wote. Wote saba. Nikodemu, na maandazi yako."

"Mimi mzima, mama. Sijawahi kuumwa hata jino."

"Ndiyo nataka tuone huo uzima."

Tuseme ukweli, hakuwa na nia safi kabisa. Alitaka majibu yatoke mabaya kidogo. Si ya kuua mtu, Mungu apishe mbali, ila ya kutisha. Alishajipangia maneno atakayowaambia: nilisema, nilisema, nilisema. Baada ya hapo wangetii, naye angepata nafasi ya kumaliza dirisha lake kwa amani.

Damu zilitolewa, zikasafirishwa hadi mji mkubwa. Wiki mbili wakangoja. Siku ya majibu waliketi wote kwenye benchi la kliniki, Mama Perpetua mwanzo kabisa, mkoba magotini, uso wa mtu aliyekuja kusikiliza hukumu ya mwingine.

Daktari Sigala alisoma karatasi moja baada ya nyingine. Atukuzwe kidogo sana, lakini asiiguse tena risasi mpaka atakapojifungua na kumaliza kunyonyesha. Mwingine kidogo, mwingine kidogo. Nikodemu wa maandazi naye kidogo, aache kula mezani, apimwe tena baada ya miezi mitatu.

"Haiwezekani," Mama Perpetua alisema. "Huyu? Pima tena."

Nikodemu akacheka. Daktari hakucheka. Alikuwa ameshika karatasi ya mwisho.

"Mama, ya kwako imepita kiwango. Imepita mbali. Nyoosha mikono mbele, viganja viangalie chini."

Akanyoosha. Viganja vikaning'inia.

"Ni uzee huo," alisema.

"Si uzee. Hiyo ni risasi. Kichwa, tumbo, huu uchovu unaokula siku zako, vyote ni hiyo hiyo. Unafanya nini kule ambacho wenzako hawafanyi?"

Mama Perpetua alikasirika. Akasema wamechanganya chupa za damu. Akasema yeye ndiye aliyeziandika sheria zile, kwa mkono wake, watu wote wanajua, mtu asije kumfundisha habari za risasi. Alisema mpaka akaishiwa pumzi. Kisha daktari akauliza kwa upole, "Nani anasafisha?"

Mafundi sita wakaangalia viatu vyao.

"Mimi," alisema Mama Perpetua.

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Kwa maji?"

Hapo machozi yakamtoka, maana hakuwa mtu wa kusema uongo. "Zamani kwa maji. Nilipoanza kuchoka nikaacha. Nikawa nafagia."

"Madirisha?"

"Nafunga kwanza."

Daktari Sigala akaiweka kalamu chini. Alimweleza taratibu, jinsi vumbi la meza saba lilivyokuwa likiingia kifuani kwa mtu mmoja. Kadiri lilivyoingia, ndivyo alivyochoka. Kadiri alivyochoka, ndivyo alivyoliacha liingie. Angempa dawa, lakini dawa bila kukaa mbali ni kazi bure. Miezi sita asivuke kizingiti cha karakana. Mikono huenda ikarudi. Hakuahidi.

"Na dirisha langu?" aliuliza. "Pasaka ni baada ya wiki tatu."

"Mama, ningekuwa wewe ningeulizia mikono kwanza."

Kwa hiyo dirisha likamaliziwa na Nikodemu. Sitawadanganya kuwa lilitoka zuri. Lilitoka la kufaa. Sehemu ya chini, penye ungo, unaona wazi kuwa mkono umebadilika. Mama Perpetua aliliona siku ya kutabarukiwa, akapiga ishara ya msalaba, akaenda kukaa nyuma ambako nguzo inaziba. Watu walimpongeza, naye akaitikia. Nyumbani alilia kama aliyefiwa.

Lakini jambo lililomkata maini halikuwa hilo.

Wiki moja baada ya Pasaka alipanda mlima, si kuingia, kusalimia tu. Aliketi uani, mbali na mlango, penye hewa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika chache. Mlango ulikuwa wazi, madirisha yote wazi. Akaangalia na kungoja waondoke kama siku zote.

Hawakuondoka. Nikodemu alitoka na ndoo, akachota maji. Kila mmoja wa wale watano, maana Atukuzwe alikuwa amepumzishwa, akachovya kitambaa chake, akakikamua, akafuta meza yake kuanzia pembeni kuja katikati. Wakanawa mikono mpaka viwiko. Wakatundika aproni kwenye misumari. Hapakuwa na kelele wala wimbo, walikuwa kama watu wanaopiga mswaki.

Mama Perpetua aliangalia saa yake. Dakika sita.

Akaiangalia tena, akidhani amekosea. Dakika sita tu. Kazi iliyokuwa ikimla saa moja na nusu kila jioni, peke yake, miaka tisa.

Nikodemu alikuja kumsalimia, mikono bado mibichi. "Shikamoo mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba." Akamtazama. "Nikodemu, mwanangu, hebu nijibu bila mzaha. Miaka yote ile mlikuwa mnadhani meza zinafutwa na malaika?"

Nikodemu, mtu wa maneno mengi, safari hii hakuzunguka. Akasema kweli.

"Hapana, mama. Tulijua ni wewe."

"Mlijua?"

"Tulijua. Mwaka ule ulioanza kufuta, mimi nilirudi kufuata simu, nikakuona dirishani. Nikasema moyoni, kesho nitafuta. Asubuhi nikakuta meza safi. Kesho yake safi. Baadaye nikaona kama ndivyo mwenyewe ulivyopenda. Hukununa, hukusema tena, hukuiacha hata siku moja ikalala chafu. Ningejuaje kwamba inakuua?"

Viganja vya Mama Perpetua vilikuwa vimelala magotini, vimelegea. Nikodemu akachuchumaa mbele yake, akavishika vyote viwili, akaanza kulia bila kujificha.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe," alisema, naye alimaanisha. Kisha akaongeza polepole, kama mtu anayejisomea barua yake mwenyewe, "Ila siku ile uliyoniona ungeniuliza tu, Nikodemu. Na mimi siku ya kwanza niliyoishika meza yako ningekuita urudi ufute."

Wakakaa pale mpaka baridi ikaanza. Nikodemu akamshika mkono kumsaidia kuinuka, maana mwenyewe hakuweza.

Funzo: Usimfanyie mwenzako wajibu wake kimya kimya ukauita huo ni upendo. Yeye hatajifunza, wewe utaisha, na sheria uliyoiandika kuwalinda wote itakuwa haimlindi mtu, wewe wa kwanza. Sema mapema, ungali una nguvu ya kusema. Na wewe unayeikuta meza yako safi kila asubuhi, leo hii muulize anayeifuta kama ni mzima.