Kidani cha Bi Kindi

Hapo zamani za kale, fisi walipokuwa bado wanafungua maduka, Fisi mmoja alikuwa sonara. Msicheke! Alikuwa na mizani, alikuwa na miwani, na mate yakimdondokea mezani.

Siku moja Bi Kindi akaingia mbio, mkia juu. Kesho yake binti yake Mwanamize alikuwa anaolewa, na katika ukoo wao hakuna bibi harusi aliyetolewa nje bila kidani cha dhahabu alichoacha bibi yao. Sasa upande wa wakwe umeanza kunong'ona: "Dhahabu gani? Shaba ile!" Roho ya Bi Kindi haikutulia.

"Fundi, nipimie. Ukweli mtupu."

Fisi akakipokea, akakinusa, akakiuma. Ng'wa! Macho yakamtoka pima. Halafu akajikaza, akakunja uso.

"Pole, mama. Shaba hii, tena shaba mbovu. Kiache hapa hapa, nitakutupia."

Bi Kindi akainamia meza. Aibu gani hii mbele ya wakwe! Lakini alipokitazama tena kidani, akaona meno ya Fisi yameacha vishimo viwili. Ebo! Yeye maisha yake yote anatafuna vitu vigumu. Anajua kipi kinabonyea na kipi kinavunja jino. Shaba haibonyei hivyo.

"Mwongo mkubwa we," akasema moyoni. Alitamani kumrukia, ila kumnyang'anya Fisi kitu, nani ataweza?

Ghafla akapiga makofi. "Afadhali!"

"Afadhali nini, na kidani ni shaba?"

"Fundi, bibi aliacha viwili, pacha! Kimoja shaba, cha kuwazuga wezi. Cha pili dhahabu tupu, kizito mpaka shingo inauma. Kimo tunduni kwangu, na mapambo mengine chungu nzima. Nipe hiki nikalinganishe, kisha nikuteremshie cha kweli ukipime."

Mate chururu! "Chukua, mama, chukua! Nakusindikiza!"

Wakafika kwenye mti wa Bi Kindi. Chini yake wakwe walikuwa wamekuja kuchambua mchele wa harusi. Bi Kindi, paru paru paru, mpaka juu. Fisi akangoja, akangoja wee.

"Umekipata?"

"Ninacho shingoni, fundi. Cha pili hakipo, wala hakijawahi kuwapo!"

Fisi akaparamia mti, akateleza, puu! Akaanguka matako chini.

"Teremsha dhahabu hiyo!"

"Dhahabu? Si ulisema shaba?"

"Shaba ya wapi! Dhahabu safi! Mimi sonara, nisijue?"

Wakwe wakaacha mchele, wakatazamana.

"Mmesikia wenyewe?" akauliza Bi Kindi. "Na hakunitoza hata senti!"

Vigelegele vikalipuka. Fisi akaondoka anachechemea, na Mwanamize akaolewa na kidani chake shingoni.

Nami naishia hapo, na funzo lake ni hili: ukisema uongo juu ya kitu unachokitamani, tamaa yako mwenyewe itakusemesha ukweli.