Yowe la Nyamizi katika Msitu Uliofungwa

Hapo zamani, katika nchi ya Busimbo, asali ilipata kwisha. Watu walikuwa wameangusha miti ili waifikie mizinga, wakachoma moto ovyo. Nyuki wakahama, vijito vikakauka. Ndipo Mtemi alipoita nchi nzima, na nchi nzima ikakubali sheria moja juu ya msitu wa Kalumwa. Tangu maua ya kwanza hadi mvua ya kwanza, mtu asiingie. Mlinzi asimpitishe mtu. Mti mbichi usikatwe. Atakayeivunja atahama nchi. Atakayeuokoa msitu, yeye na uzao wake watatundika mizinga humo daima.

Nyamizi, mjane mfinyanzi, aliikubali kabla ya jirani zake. Alikuwa ameshatembea nusu siku kutafuta maji, akaujua uchungu wake.

Mwaka wa sita wa sheria hiyo, miti ikiwa imechanua, binti yake Kabula alijifungua salama, kisha damu ikakataa kukoma. Dawa yake ilikuwa gome la mti mmoja tu, na mti huo ulikuwa umebaki Kalumwa peke yake. Nyamizi akachukua kisu, akaenda.

Ukingoni mwa msitu akamkuta mlinzi, Lugendo.

"Mama, sheria unaijua."

"Naijua, mwanangu. Niliikubali kwa kinywa changu. Lakini Kabula anakwisha."

Lugendo akasogea kando. "Pita," akasema. "Bandua upande mmoja tu, mti usife."

Nyamizi alikuwa akibandua gome aliposikia harufu ya moshi. Radi ya jana ilikuwa imepiga mti mkavu bondeni, na sasa moto ulitambaa juu ya majani, upepo ukiusukuma. Akasimama. Akirudi kimya, hakuna atakayejua alikokuwa ila Lugendo. Akipiga yowe, watajua wote.

Akapiga yowe, akakimbia akilipiga mpaka kijijini, gome mkononi.

Watu wakamiminika, mbele yao Masele, mchonga mizinga. Kijitoni, katikati ya msitu, akaona miti saba ya mninga imeinamia maji, matawi yake yakigusana na yale ya ng'ambo, kunakotoka moto.

"Moto utavukia hapa," akasema.

"Ni mibichi hiyo, Masele," mtu akamkumbusha.

"Naiona."

Akainua shoka. Wakaikata yote saba, wakaiburuta nyuma. Moto ulifika kijitoni, ukakosa pa kupita, ukafa. Nusu ya Kalumwa ikasalimika, pamoja na nyuki wake. Kabula naye akapona.

Siku ya nne Mtemi akaketi barazani, akawaita wote watatu.

Nyamizi akasema, "Mtemi, sikuingia kwa ajili ya msitu, niliingia kwa ajili ya mwanangu. Lakini nisingeingia, nani angeuona moto? Na ningenyamaza, nani angenishtaki leo?"

Lugendo akasema, "Niliwekwa nizuie, nikapitisha. Ningemrudisha mama huyu, sheria ingekuwa nzima na msitu ungekuwa majivu."

Masele akasema, "Yowe halizimi moto, wala huruma haizimi. Ni shoka langu lililouzuia. Niliua saba, maelfu yakaishi."

Watu wakaanza kunong'ona, huyu akimtaja Masele, yule akimtaja Nyamizi. Ndipo akasimama Shagembe, mjomba wa Lugendo, mtu asiyesema sana.

"Mwaka jana, majira kama haya, nilikuja kutafuta gome lile lile kwa ajili ya mke wangu," akasema. "Mpwa wangu akanirudisha. Nikarudi, maana sheria ni sheria. Mke wangu nilimzika. Sina neno na yeyote. Nauliza tu, mimi niliyeitii, fungu langu liko wapi?"

Nyamizi, aliyekuwa amewakabili wote bila woga, hakuweza kumtazama Shagembe usoni.

Mtemi akasema, "Sheria hii si yangu. Mliitunga nyote. Basi amueni nyote."

Nanyi mnaosikiliza, mngekuwa barazani siku ile, mngesemaje? Je, nani alistahili mizinga, na nani alistahili kuhama? Na Shagembe, mngempa jibu gani?