Kwa Nini Jicho Halioti Jino

Kabla mwili haujajifunza mipaka yake, jicho liliweza kuota jino, na bega liliweza kuota nyusi. Wewe, Mwanakombo, uliyeuliza kwa nini kidonda cha goti lako kilirudisha ngozi wala hakikurudisha kucha, sikiliza pamoja na wenzako. Jibu ni refu kidogo, lakini lina mpangilio.

Hapo kale mwili wa mtoto aliyekuwa bado tumboni ulikuwa mji, na kila seli ya mwili huo ilikuwa nyumba. Mkubwa wa mji alikuwa Bi Kirembo. Yeye alisuka ukili mmoja mrefu, utepe wa kusukwa kama ule wa mkeka, na ndani yake akatia, nakshi baada ya nakshi, maelezo ya kila kitu: namna ya kung'arisha mboni, namna ya kukaza mfupa, namna ya kupanga meno. Ukili huo ndio tunaouita leo DNA, na kila nakshi ni jeni. Kila nyumba ilipewa ukili kamili, bila kupunguziwa nakshi hata moja.

Taabu ilikuwa urefu. Chukueni chumba chenye upana wa hatua sita: kwa kipimo hicho, ukili wake una urefu wa hatua milioni mbili. Nimeirudia hesabu hiyo mara tatu, na haipungui. Ukili ulining'inia darini, ukapita chini ya vitanda, ukajisokota mlangoni. Fundi aliyetaka kujenga alishika nakshi iliyokuwa karibu na mkono wake, akaisoma, akajenga hiyo hiyo.

Zilikuwa zimesalia siku thelathini mtoto azaliwe. Shekue, fundi wa Nyumba ya Jicho, alikuwa amejenga jicho la kulia kwa uangalifu wake wote. Asubuhi moja alipolikagua alikuta katikati yake gego, jeupe, limekaa imara.

Bwanaheri, fundi wa Nyumba ya Mfupa, alipita akachungulia. "Dada Shekue, hilo jicho litaona au litatafuna?"

"Angalia kwako," akajibu Shekue. "Jana nimepita, bega lako limeota nyusi."

Walicheka, lakini wote wawili walijua kuwa mtoto angezaliwa kipofu.

Baraza lilikutana alasiri. Bwanaheri alikuja na kisu. "Tuukate ukili," alisema. "Mimi nichukue kipande cha mfupa, Shekue cha jicho, kila mtu na chake. Nyumba zitakuwa na nafasi, na hakuna atakayekosea." Mafundi wengi waliafiki, na Shekue alikuwa amekwisha kunyoosha mkono apokee kisu.

"Ngoja, mwanangu," alisema Bi Kirembo. "Kipande cha jicho kitatosha jicho, sikatai. Lakini mtoto huyu atakua, naye atataka mtoto wake. Atamrithisha nini? Jicho peke yake? Mimi sikusuka ukili wa mtu mmoja."

Shekue akaurudisha mkono wake.

Ndipo waliposimama pacha. Walikuwa wanane, jozi nne, na nyumba zote zilikuwa na jamaa zao kwa wingi. Kazi yao ilikuwa kukalia ncha za ukili ili upepo usizipeperushe, na kwa hiyo hakuna aliyewahi kuwaomba shauri.

"Nyinyi nani kawaita?" aliuliza Bwanaheri. "Kazi yenu kukaa tu."

"Ndiyo tunayoitoa, kaka," alijibu mkubwa wao. "Tutakaa."

Wakaketi mgongo kwa mgongo, wanane katika fungu moja la mviringo, kila mmoja akiacha mkono mmoja nje, wakaomba wazungushiwe ukili. Uliwazunguka mara moja na theluthi mbili, kasoro kidogo. Shangazi yao, aliyekuwa amesimama kando, akafunga fundo pale ukili ulipoingia na ulipotokea. Kisha ukili ukaendelea hadi kwa wanane waliofuata, na waliofuata tena, mpaka wote ukaviringwa. Sakafu ikaonekana. Watu wakafagia vyumba ambavyo hawakuwahi kuziona pembe zake.

Lakini pacha hawakuwa watu wa kufanya jambo nusu. Ile mikono ya nje iliushika ukili kwa nguvu kiasi kwamba hapakufunguka nakshi hata moja. Shekue aliling'oa lile gego, akabaki na shimo asiloweza kulijaza. Mafundi wote waliketi vibarazani, zana mapajani. Siku zilizosalia zilikuwa kumi na mbili.

Adhuhuri moja Shekue aliacha chungu chake cha mafuta ya nazi jikoni, akaenda kwa pacha.

"Fungueni kidogo, ndugu zangu."

"Kazi yetu ni kushika."

"Na kazi yangu mimi ni kujenga."

"Tunajua, dada. Lakini sisi hatujui kusoma. Tukiachia, tutaachia wapi? Jicho likiota gego tena utatulaumu sisi."

"Basi nipeni mkono wa heri niende zangu," alisema Shekue, akamshika mkono pacha aliyekuwa karibu naye. Viganja vyake vilikuwa bado vina mafuta. Mkono wa pacha ukateleza, ukili ukalegea pale pale, na nakshi moja ikafunguka. Ilikuwa nakshi ya mboni.

Shekue alikaa chini akaanza kusoma, na aliposhiba kusoma alikwenda kuchukua chungu. Alipaka mafuta mkono mmoja baada ya mwingine, akisoma kila nakshi iliyofunguka, na mikono iliyoshika nakshi za jicho akaiacha na mafuta yake. Mikono iliyoshika nakshi za meno aliipangusa ikakauka, kisha akaifunga kwa uzi ili isije ikateleza kwa bahati mbaya.

Jioni Bwanaheri alikuja na kikombe. "Dada, niazime mafuta."

"Nazi ziko kwako. Zikune, ukamue."

Akakuna, akakamua. Mji mzima ukakuna.

Bi Kirembo aliwauliza pacha wanataka shukrani gani. Walishauriana kwa muda mrefu. "Tusibadilishwe," walisema. "Ukimgeuza mmoja wetu, fungu halitakaa." Akawakubalia. Siku kumi na mbili zilipotimia mtoto alizaliwa, akafumbua jicho la kulia, kisha la kushoto, akamtazama mama yake.

Na tangu siku hiyo ukili huviringwa juu ya wanane, na wasomi huwaita protini za histoni. Ahadi yao imetunzwa: pacha mmojawapo ana pingili mia na mbili za asidi amino, na ukimlinganisha wa mmea wa njegere na wa ng'ombe, utakuta tofauti katika pingili mbili tu. Na kila nyumba hupaka mafuta mikono inayohusika na kazi yake, mingine ikaiacha mikavu.

Kwa hiyo, Mwanakombo, siku ulipoanguka ukachubuka, nakshi ya kucha ilikuwamo ndani ya goti lako, nzima, haijapungua. Ulikuwapo mkono mkavu ulioishika, nao haukuachia.