Jina Lililoombwa na Sili

Paukwa!
Pakawa!
Sogeeni karibu, moto bado mdogo. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mwenye kicheko akiweke kando, maana ngano ya leo ina maji mengi ya chumvi.

Hapo zamani za kale, huko Ayalandi, kisiwa cha kaskazini ambako mvua huingia kama mgeni asiyejua kuaga, palikuwa na mwanamke akiitwa Sorka. Mumewe aliitwa Konla. Nyumba yao ilikuwa ya mawe, imeinamia bahari. Miti ilikuwa haba, kwa hiyo motoni mwao walichoma udongo mweusi wa kinamasi, uliokatwa vipande na kuanikwa hadi ukauke. Moshi wake ulikuwa mzito, na nguo za Sorka zilinuka moshi huo mwaka mzima.

Siku moja Konla alirudi na ngozi ndogo nyeupe begani. Ilikuwa ngozi ya sili, yule mnyama wa baharini mwenye uso kama wa mbwa na mwili kama wa samaki.

"Mdogo hivi, Konla?"

"Mdogo ndiye laini. Si una mimba wewe? Tutamtandikia mwanetu."

Sorka akaipokea ile ngozi. Ilikuwa bado na joto.

Asubuhi yake sili mkubwa, sili mama, akapanda mwambani mbele ya nyumba, akaimba:

Mwanangu wa jiwe baridi,
nikuite nani, nikuite nani?
Maji yana jina, upepo una jina,
wewe nikuite nani?

Siku ya pili akapanda, akaimba vilevile. Siku ya tatu akapanda, akaimba vilevile, na Sorka hakuweza tena kumeza chakula. Akateremka mwambani, mkono mmoja tumboni.

"Mwenzangu, huchoki kulia?"

"Kulia sijaanza," sili akajibu. "Sisi humpa mtoto jina siku anapoingia majini mara ya kwanza. Wangu alipigwa rungu juu ya jiwe kavu. Nyinyi wenu akifa mnaita, 'Ewe fulani, ewe fulani,' mpaka kifua kinapoa. Mimi nitaita nani?"

Sorka akauliza, "Nikupe nini, mama?"

"Nipe jina. Mtoto wako umwite Ronani."

Katika lugha ya watu wa kule, Ronani maana yake ni sili mdogo.

"Kila utakapomwita wako aje kula, mimi nitasikia wangu akiitwa. Na ukimwita akiwa amezidiwa na bahari, nitamfuata nimtoe. Lakini nisikilize vizuri, Sorka. Jina moja, mtoto mmoja, sauti moja. Usije ukanichanganya."

"Jina moja, mtoto mmoja, sauti moja," Sorka akasema.

Mtoto akazaliwa, wa kiume, akaitwa Ronani. Kila jioni Sorka alisimama mlangoni akaita, "Ronaaani!" na kule mwambani sili akainamisha kichwa, kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.

Ronani akakua. Akateleza kwenye jabali, akaangukia kilindini. Sorka akaita, na sili akamrudisha ufukoni akiwa anacheka. Mashua yao, ya ngozi iliyowambwa juu ya fito, ikapinduka, yeye na baba yake wakiwa ndani. Konla akazama, lakini Sorka alimwita Ronani, naye akarudi. Ndipo vijiji vyote vya pwani vikaanza kunong'ona: lile jina lina kitu.

Mke wa mhunzi akaja. "Mama Ronani, nigawie jina."

"Jina lina mwenyewe, dada."

Mke wa mchungaji akaja. "Mama Ronani, nami nigawie."

"Lina mwenyewe, dada. Nenda salama."

Wa tatu alikuwa jirani yake Gormla. Huyu bahari ilikwisha kumlia wana wawili. Alikuja na mtoto mchanga kifuani, akakaa kizingitini, hakuingia.

"Sikuombi unga, Sorka. Unga ningeogopa kukupunguzia. Jina likiitwa na wawili linapungua nini?"

Sorka akamtazama yule mchanga. Vidole vyake vilikuwa vyembamba kama miguu ya kaa. Akakumbuka maneno ya sili. Akajiambia: bahari ni pana, sili ana masikio, watoto wawili si wengi. Hakusema lolote kuhusu mapatano.

"Mwite," akasema. "Mwite Ronani."

Basi mlango ukifunguka kwa mmoja, umefunguka. Mke wa mhunzi akamwita wake Ronani bila kuuliza tena, na mke wa mchungaji vilevile. Haukupita muda mrefu, kijiji kikajaa akina Ronani hadi wakaongezewa vyeo: Ronani Mwekundu, Ronani Makamasi, Ronani wa Gormla, Ronani Usinipige. Mama mmoja akiita mwanawe aje anywe uji, jeshi zima linafika na vijiko.

"Nimeita mmoja!"

"Na sisi tumeitika, mama!"

Watu walicheka sana miaka ile. Sorka naye alicheka. Ila jioni alipoita, aliona sili hainamishi kichwa tena. Anakigeuza huku, anakigeuza kule.

Ikafika siku ya kukata mwani. Wavulana wote waliofikia umri wa kuvuta kasia walikwenda kwenye mwamba wa mbali unaotokeza maji yakipwa. Asubuhi ilikuwa tulivu. Adhuhuri upepo ukageuka, mashua za ngozi zikapeperushwa kama majani, na maji yakaanza kurudi juu ya mwamba kabla ya wakati wake. Wavulana walionekana kutoka ufukoni, wameshikana mikono, maji magotini.

Mama zao wakakimbilia ufukoni, na kila mmoja akaita alichokuwa nacho.

"Ronani!"

"Ronaniii!"

"Ronani wangu, Ronani!"

Sili alikuwa amezeeka. Aliogelea mashariki, akasikia magharibi. Akarudi magharibi, akasikia nyuma yake. Akazunguka hadi pumzi ikamwishia, akajitupa mwambani mbele ya wanawake wote.

"Sauti ni nyingi! Nikienda huku naitwa kule! Sorka, tuliagana nini? Jina moja, mtoto mmoja, sauti moja!"

Wanawake wakamgeukia Sorka.

"Anasema nini huyu?" mke wa mhunzi akauliza.

"Anasema kweli," Sorka akajibu. "Humfuata mmoja tu, akisikia sauti moja tu."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua."

Maji yalikuwa yamefika viunoni mwa watoto. Hakukuwa na nafasi ya matusi. Gormla ndiye aliyesema, "Basi tunyamaze. Tukiita wote tutawazika wote. Mwite, Sorka. Jina ni lako."

Akachukua ncha ya shali yake, akaisokomeza mdomoni mwenyewe. Mke wa mhunzi akaziba mdomo kwa mikono miwili. Mke wa mchungaji akalala kifudifudi, akauma mchanga. Ufuko mzima ukanyamaza, na watoto kule mbali, waliokuwa wakisikia sauti za mama zao, ghafla hawakuzisikia.

Sorka angeweza kumwambia Gormla: ita wewe. Neno lilimfika ulimini. Alilionja, akajua ladha yake. Akalimeza.

"Ronani!" akaita. "Ronani! Ronani!"

Sili akaenda moja kwa moja. Akarudi na mtoto mmoja mgongoni, mtoto wa Sorka, mzima, anatapika maji. Sili alipogeuza kichwa kutazama nyuma, mwamba wa mwani haukuwapo tena. Palikuwa na maji tu.

Gormla akatoa shali mdomoni. Hakumlaani mtu. Alimwambia Sorka, "Niliziba mwenyewe. Yeye alikuwa ananingoja niite, nami nikaziba mwenyewe," na hayo ndiyo aliyoyasema hadi wakamshika mkono kumrudisha nyumbani.

Sili hakuonekana tena pwani ile.

Jioni iliyofuata, mke wa mhunzi alisahau. Alipakua uji, akatoka mlangoni kama kawaida yake, akaita, "Ronani!" Kisha akakumbuka, akabaki na mwiko mkononi. Kijiji kizima kilimsikia, na hakuna aliyejua pa kutazama.

"Labeka, mama!"

Alikuwa Ronani wa Sorka. Alitoka kwao mbio, akaingia kwa mke wa mhunzi, akakaa, akanywa ule uji mpaka mwisho. Kesho yake mke wa mchungaji akaita, naye akaitika. Kesho kutwa wakaita wengine. Mtoto mmoja akawa anaitika milango yote, anakula katika nyumba zote, amechoka, miguu imemvimba, na hasemi hapana.

Wanawake wakamwonea huruma. Kila aliyejifungua wa kiume tangu hapo akamwita Ronani, si kwa kutafuta bahati tena, bali ili yule mmoja apate wa kumsaidia kuitika. Kijiji cha jirani kikafanya hivyo, na cha pili yake, na cha tatu yake. Ndivyo jina lilivyoenea kisiwa kile chote, hata leo ukiliita sokoni huko, vichwa vingi vinageuka.

Ila watoto hao walikuwa bado wachanga, na jioni zilikuwa nyingi. Sorka alikuwa na mwanawe mbele yake motoni, anaipasha joto miguu yake, na sauti ya Gormla ikapita ukutani, nyembamba, kama inayoomba radhi kwa kuita.

"Ronani!"

Kijana akamtazama mama yake. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi.

Sorka alitaka kumshika mkono. Badala yake akamsogezea viatu.

"Nenda, mwanangu," akasema. "Mama yako anakuita."

Hadithi yangu imeishia hapo, kizingitini pa Gormla. Mwenye kuingia aingie taratibu.